Zoezi la Kipindupindu Loma Quemada

Siku ya zoezi, Mkurugenzi wa Dharura wa jiji, Bwana Ubaldo Arriaga, alipanda mtaani kwetu mlimani, Loma Quemada, na wapiga picha wake. Sisi wa kujitolea tulikuwa tumejifunza vya kutosha: kuchanganya maji ya chumvi na sukari, kutia klorini majini, kutundika dripu, kumteremsha mgonjwa kwenye ngazi za mlimani bila kumwangusha. Baada ya hotuba akatukabidhi masanduku ya dripu.

"Ole wake atakayefungua kabla ya dharura," alisema. "Nitavunja kikosi chote."

Mimi, Benigna Chunga, kiongozi wa kikosi, niliyafungia kwenye ukumbi wa mtaa.

Mvua za Februari zikapasua bomba la maji taka. Watu wakaanza kuharisha maji meupe, na aliyezidiwa kuliko wote alikuwa fundi viatu wetu, Fermín. Nikakimbilia ukumbini na Nélida, mwenzangu wa kikosi. Tukapasua sanduku la kwanza. Magazeti. La pili, magazeti na chupa tupu. La tatu Nélida akalipiga teke mpaka ukutani.

Nikampigia Arriaga.

"Mama, hayo yalikuwa ya maonyesho tu," alisema. "Dawa zitakuja bajeti ikipita."

"Kwa hiyo niwaambie wagonjwa wajizuie mpaka bajeti ipite?"

Akakata simu.

Tukaenda nyumba kwa nyumba kuomba chumvi na sukari. Waliokuwa na nguvu za kunywa walipona. Fermín alikuwa hawezi hata kumeza. Tukamlaza juu ya mlango tulioung'oa, tukashuka naye kuelekea hospitali. Alikata roho ngazini, mkono wake ukiwa umeshika fulana ya Nélida. Ilibidi tumbandue vidole.

Siku ya mazishi Arriaga alikuja na shada la maua na kamera, kuwashukuru "mashujaa wetu". Nikaenda ukumbini, nikarudi na masanduku yake. Nikamwaga magazeti na chupa tupu miguuni pake.

"Waonyeshe, Bwana! Waonyeshe dripu ulizomletea marehemu!"

"Mama, hapa si mahali pake."

"Mahali pake ni wapi?" Nélida akafoka. "Kaburini? Basi ingia, mweleze mwenyewe!"

Arriaga aliwafokea wapiga picha wazime kamera. Mmoja hakuzima, na jioni jiji zima lilikuwa limeona.

Wakubwa wa jiji hawakumfukuza. Walimhamishia idara ya bustani, na mshahara wake uleule. Lakini dripu zililetwa haraka, na tulifungua kila sanduku palepale barabarani, dereva akilalamika kwamba tunamchelewesha.

"Chelewa!" nikamwambia.

Mjane wa Fermín alisogea, akachukua dripu moja.

"Angehitaji ngapi?"

"Mbili, shoga. Labda tatu za kumfikisha hospitali."

Aliishika kwa muda, kama anayepima uzito wake, kisha akairudisha sandukuni.