Mwizi wa Maji ya Chai

Asubuhi ile Agnela alisubiri mpaka mumewe Derick aondoke kwenda gereji, ndipo akaanza kufungasha. Jicho lake la kushoto lilikuwa bado limevimba, na ubavu ulimchoma kila alipoinama. Nguo zake na za mtoto alizitia kwenye sanduku. Kichwa cha cherehani alikifungua kutoka mezani, akakivingirisha kwa kitenge na kukisukumia ndani ya begi kubwa la mgongoni, yale mabegi ya wapagazi wa mlimani yanayouzwa mitumba. Alikuwa fundi wa nguo. Vyombo, kitanda na mapazia aliyoshona mwenyewe angeweza kuviacha pale nyumbani Sakina, lakini si mashine yake.

Binti yao, Nice, alikuwa ameshatangulia Kikatiti kwa Evaresta, dada yake Agnela. Derick aliambiwa ni likizo.

Bodaboda aliyemwita alikuwa Yiamat, kijana wa Kiarusha aliyezoea kuwapelekea wateja wa Agnela nguo. Alilitazama lile jicho, akaitazama mizigo. Sanduku alilifunga kwenye keria kwa mipira ya tairi, akaivuta mpaka ikalia.

"Hilo begi zito, dada. Likining'inia litakuvuta nyuma kila nikiongeza mwendo. Sogea karibu yangu, kitako cha begi kikae juu ya sanduku. Mikanda ya kifuani na kiunoni funga yote."

Agnela akafunga. Walipokuwa wanatoka, jirani aliyekuwa anaanika nguo aliacha kazi yake akaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni kutafuta simu.

Mpaka Tengeru barabara ilikuwa pana na Yiamat aliendesha taratibu kwa sababu ya mzigo. Baada ya hapo barabara ilibana, malori yakawa yanawapita karibu kiasi cha kuwayumbisha. Walipoipita Usa River, Yiamat aliangalia kioo cha pembeni mara mbili.

"Kuna pikipiki nyekundu imetufuata toka Tengeru. Unaifahamu?"

Agnela hakuweza kugeuka, begi lilimzuia. Lakini mlio wa ile pikipiki aliujua. Kila jioni uliposikika getini, Nice alikuwa akijificha chumbani.

"Usisimame," alisema.

Yiamat aliongeza mwendo kadiri mzigo ulivyoruhusu. Wakaingia Maji ya Chai, siku ya soko, watu wamejaa pande zote za barabara, ikabidi apunguze. Derick akawafikia hapo. Alikuwa amevaa kofia ngumu nyeusi iliyofunika uso wote. Aliipeleka pikipiki yake ubavuni mwao, akanyoosha mkono wa kushoto, akakamata kishikio cha juu cha begi na kulivuta.

Mikanda ilikuwa imefungwa. Begi lilipoondoka, Agnela aliondoka nalo. Kwa kitambo alihisi hana kitu chini yake, kisha akaanguka chali kwenye changarawe, chuma cha cherehani kikamgonga uti wa mgongo, pumzi ikakata. Pikipiki ya Yiamat iliyumba na kumlalia mguu. Derick naye, akiendesha kwa mkono mmoja na uzito ule ukimvuta, alipoteza usukani na kutupwa kwenye mtaro.

Yeye ndiye aliyeinuka wa kwanza. Alikuja akichechemea, akamkanyaga Agnela tumboni na kuanza kulivuta begi. Mikanda ikakataa. Akampiga teke la ubavuni, palepale palipokuwa pameumia, akavuta tena, akimburuta.

"Mwizi!" mtu alipiga kelele sokoni. "Anamwibia mama!"

Kina mama waliacha ndizi zao. Vijana wa kijiweni walishuka kwenye pikipiki. Jiwe la kwanza lilimpata Derick begani, la pili likagonga kofia yake. Fundi mmoja alifika na spana ndefu akampiga nayo magotini, na Derick akaanguka. Baada ya hapo Agnela hakuona tena mtu mmojammoja. Aliona miguu, fimbo, matofali, mikono ikipanda na kushuka. Kofia ilichomolewa, na tofali likashuka usoni. Alisikia mfupa ukivunjika, sauti kama ya kuni kavu.

Neno moja lingetosha. Agnela alilijua neno lenyewe, na pumzi ilikuwa imeshamrudia. Alikaa kwenye changarawe, begi bado mgongoni, akatazama. Kila pigo lililoshuka aliujua uchungu wake, kwa kuwa aliwahi kulipokea. Kitu ndani yake kilisema: bado. Ngoja kidogo.

"Mama Nice," Derick aliita. Taya lilikuwa limeachia na maneno yalitoka na damu. "Mama Nice, waambie."

Hakuna aliyemjali. Kijana mmoja alikuja na chupa ya petroli aliyokinga kwenye tangi la pikipiki yake, watu wakampisha. Harufu ikamfikia Agnela. Mwuza ndizi mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa amechuchumaa akimfuta damu kwenye kiwiko, alisita.

"Mwanangu, huyu anakuita wewe? Unamfahamu?"

Agnela alimtazama yule kijana akifungua kifuniko.

"Ni mume wangu," alisema.

Mama alisimama akarudia maneno hayo kwa sauti, na watu wakageuka. Chupa ilibaki hewani.

"Mume wako kweli?"

"Ndiyo. Nilikuwa namkimbia."

Mwenye spana alishusha mkono. Alionekana kama mtu aliyedanganywa. "Sasa si ungesema, dada? Sisi tumejua mwizi."

"Mambo ya mume na mke hayo," alisema mwingine. "Twendeni, tusije tukatafutiwa kesi."

Wakaondoka. Kijana alifunga chupa yake vizuri, asimwage petroli. Waliokuwa tayari kumchoma mtu kwa sababu ya begi walirudi kwenye nyanya na vitunguu vyao, wakamwacha Agnela na yule aliyemkanyaga tumbo.

Yiamat alikuwa amejinasua. Ngozi ya mguu wake ilikuwa imechunwa toka goti mpaka kifundo. Alimtazama Derick aliyelala, akatema mate pembeni.

"Angetuua wote," alisema.

Derick alikuwa bado ameshika mkanda wa begi. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa. "Turudi nyumbani," alisema, au kitu kama hicho. Agnela aliufungua mkono wake kidole kimoja kimoja. Vilikuwa na nguvu bado.

Mwuza ndizi alisema atakaa na mgonjwa mpaka gari la hospitali lifike. Agnela akaomba lifti ya pikapu ya mtu aliyekuwa anapeleka majani ya ng'ombe, wakapakia mizigo na pikipiki, wakapanda yeye na Yiamat.

Derick alipona, ila taya liliunga upande. Alipoweza kuzungumza, kaka yake, Hans, aliitisha kikao mbele ya wazee wa usharika wao wa kanisa. Agnela alikwenda na Evaresta, akawaamkia wazee shikamoo, akakaa.

Hans alisema mdogo wake amefanywa kilema na mke aliyekaa kimya makusudi. Mzee mmoja akamgeukia Agnela kwa upole.

"Binti yangu, watu wanampiga mumeo mbele yako. Kwa nini ulichelewa kusema?"

Evaresta alimfinya mkono, akitaka aseme alizimia. Agnela hakusema hivyo.

"Nilikuwa sijaamua," alijibu.

Derick aliinamisha uso.

"Mnasikia?" Hans alisema. "Mwanamke wa namna hii hawezi kurudi kwenye nyumba yetu."

"Asante, shemeji," Agnela alisema. "Ndilo nililotaka wazee walisikie." Akasimama, akamsubiri dada yake avae viatu, wakatoka.