Pijo Ndogo ya Mzee Gikunda

Mbogo ni fundi wa meno ya bandia katika kliniki moja mjini Embu. Daktari hung'oa, Mbogo hurudisha. Mkewe, Nelius, ana kibanda cha kucha karibu na stendi, chenye rangi nyingi kuliko duka la rangi. Wanakaa Manyatta, katika nyumba waliyoijenga wakitarajia watoto wengi. Walipata mmoja, Carol, na Carol alipoingia chuo, nyumba ilibaki na vyumba vingi na mazungumzo machache. Hawakuwa wamekosana. Walikuwa tu wamemaliza kuambiana yote yaliyokuwepo, au ndivyo walivyodhani.

Jumamosi moja Nelius alirudi kutoka sokoni na boksi lililochanika pembe. Alikuwa amelipata katikati ya midoli ya mitumba. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki vya kuunganisha gari dogo, na maelezo kwa Kijerumani. Magurudumu hayakuwemo.

"Umenunua gari lisilo na magurudumu," Mbogo alisema.

"Si wewe unatengeneza meno?"

Mbogo alifikiri kidogo. "Meno hayabingiriki."

"Tengeneza yanayobingirika."

Akayatengeneza kazini, saa ya chakula, kwa plastiki ileile anayotengenezea meno. Kliniki ilikuwa na rangi moja tu ya plastiki hiyo, kwa hivyo gari la Wajerumani lilipata magurudumu ya rangi ya ufizi. Nelius akalipaka rangi ya kucha, nyekundu iliyoiva, safu juu ya safu. Walipomaliza waliliweka mezani wakalitazama. Lilionekana kama kitu kilichokuwa karibu kuuma. Wote wawili walikubaliana kwamba limependeza.

Tangu hapo kila Jumapili, wakishatoka kanisani na kula, meza ya chakula iligeuka karakana. Mbogo alileta vipatasi vyake vidogo na mashine ya kusugulia meno. Nelius alileta brashi, koleo za kushikia vitu vidogo, na mkono usiotetemeka. Walijenga gari la pili, kisha la tatu. Halafu mwenye midoli sokoni akawaambia kwamba mzigo mpya ulikuja na wanasesere tu, bila magari.

"Basi tutengeneze ya baba," Nelius alisema.

Baba yake, marehemu Mzee Gikunda wa Githongo, huko Meru, alikuwa na pikapu aina ya Pijo. Aliitumia kubeba kahawa yake na ya majirani, ndizi, saruji, mbuzi wa mahari na mara moja piano ya kanisa. Tangu afariki, pikapu ilikuwa imekaa nyuma ya stoo bila magurudumu, na kuku walikuwa wameigeuza nyumba. Hakuna boksi la kuunganisha gari kama lile lililowahi kufika soko la Embu. Ingebidi walikate wenyewe, kipande kwa kipande, kutoka kwa vibao vya plastiki vya mwandika mabango.

Wakaenda Githongo na futi ya fundi cherehani. Mama yake Nelius, Mama Karambu, aliwatazama wakipima pua ya gari na kuandika kwenye simu. Hakuuliza kitu. Mbogo, kwa heshima ya mkwe, alimsalimu akiwa mbali kidogo na kumwita Mama, naye alimwita Baba Carol. Mama Karambu alisema kwa Kimeru na Mbogo akajibu kwa Kiembu, na walielewana vizuri. Nyumbani Manyatta ndiko walikotumia Kiswahili, kwa sababu Mbogo na Nelius kila mmoja aliamini kwamba lugha ya mwenzake ni ya kwake iliyoharibika.

Walikuwa wamefika kwenye kioo cha mbele mvua iliponyesha. Nelius akasema sehemu iliyobaki watapima mwezi ujao.

Mwezi uliofuata, nyuma ya stoo palikuwa na mstatili wa udongo mkavu na kuku waliosimama bila mpango.

"Mama, gari iko wapi?"

"Mwaniki wa vyuma vikuukuu alikuja na lori." Mama Karambu alionyesha tangi jeusi la maji kando ya jikoni, jipya. "Nimepata ile."

"Lakini tulikuwa tunaipima."

"Hamkuniambia mnaipimia nini. Nilidhani mnataka kuinunua na mnaona haya."

Nelius alikaa kwenye ngazi ya baraza. Mbogo alilizunguka tangi, akaligonga kwa kidole, akasema ni tangi zuri. Lilikuwa zuri kweli.

Njiani kurudi, Nelius alitazama nje ya dirisha mpaka walipopita Nkubu. Mbogo alidhani mradi umekufa, na alishangaa jinsi jambo hilo lilivyomuuma. Kisha Nelius akasema, "Mimi nilipanda nyuma utoto wangu wote. Nyuma naijua. Naijua hata kwa makalio."

Ikawa hivyo. Pua waliijenga kwa vipimo. Nyuma waliijenga kwa kumbukumbu za Nelius: mbao za sakafu, ubao mmoja ukiwa umebadilishwa kwa kipande cha mlango wa zamani, vyuma vya kufungia turubai, pembe aliyokaa akiwa ameegemea magunia. Upande wa abiria walimpigia simu Mama Karambu, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyewahi kukaa pale. Alijibu kila swali kama shahidi mahakamani. Kiti kilipasuka hapa. Kisanduku cha mbele ya kiti hakikuwa na kifuniko. Mlango haukufunga tangu Mzee alipougonga kwenye mlingoti wa lango la kiwanda cha kahawa. Ulifungwa kwa kamba ya katani, na yeye ndiye aliyeshika kamba.

Ukabaki upande wa dereva. Mzee Gikunda hakuwahi kumwachia mtu yeyote usukani.

Jumapili moja Nelius alimkuta mumewe akichonga kioo cha pembeni kidogo kuliko punje ya mahindi. Alikuwa amekizungushia uzi mweusi.

"Hiyo nyeusi ni nini?"

"Mpira wa tyubu. Kioo kilikuwa kimefungwa kwa mpira wa tyubu. Na usukani ulikuwa na kitambaa cha bluu, hapa juu, pale mkono wa kushoto unaposhika."

"Wewe umejuaje?"

Mbogo aliendelea kuzungusha uzi. "Nilisimama hapo dirishani."

"Lini?"

"Kabla hatujaoana. Nilikuja Githongo peke yangu, kumwona. Nikakutana naye barabarani. Akasimamisha gari lakini hakushuka. Hakuzima hata injini."

Nelius aliweka brashi chini. Miaka yote alijua kwamba baba yake hakuwa amesema lolote juu ya Mbogo, si zuri si baya, hadi siku wazee walipokuja kuzungumza habari za mahari. Alikuwa amekubali kwamba baba yake alimvumilia tu.

"Mlizungumza nini?"

"Aliniuliza, 'Wewe ndiye wa meno?' Nikasema ndimi. Akauliza, 'Watu wataacha kung'oka meno?' Nikasema sidhani. Akanyamaza sana. Mimi nikawa natazama hicho kioo, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kutazama. Kisha akasema, 'Basi msichana wangu hatalala njaa.' Akaondoka."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Na sikujua kama ni jibu. Niliondoka hapo bila kujua kama nimekubaliwa au nimepewa salamu."

Nelius alitazama kile kioo kwa muda. Halafu akainuka akaenda kutengeneza chai, na alipoirudisha, kikombe cha Mbogo kilikuwa na sukari zaidi ya ile anayoruhusiwa.

Kwa muda kazi ilikwenda vizuri, ndipo wakafika kwenye rangi. Nelius alikumbuka bluu. Mbogo alikumbuka kitu cha kijivu. Mama Karambu, kwenye simu, alisema kijani, na kwamba bluu ilikuja baadaye, Mzee alipobakiwa na rangi ya milango ya zahanati akaona ni dhambi kuitupa.

"Basi nitapaka kijani kwanza," Nelius alisema, "kisha bluu, kisha nitaikwangua pole pole kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha, kijani itokeze pale palipochubuka."

"Hiyo dawa inakula plastiki."

"Nitatumia kidogo."

"Hata kidogo inakula, Mama Carol. Hii ndiyo kazi yangu."

"Na hiyo dawa ndiyo kazi yangu."

Aliweka tone moja kwenye bonneti. Bonneti ilikunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Mbogo akasema alikuwa amesema. Nelius akasema mtu anayesema alikuwa amesema huwa hana msaada mwingine. Mbogo akasema siku mbili alizokuwa akisugua ile bonneti ndizo msaada wenyewe. Sauti zilipanda. Walitoka kwenye bonneti wakaingia kwenye mambo ya shemeji, wakapitia paa la choo ambalo halijawahi kumalizika, wakarudi kwenye bonneti. Jirani yao, Njiru, alizima redio yake ili asikie vizuri. Ilikuwa miaka mingi tangu nyumba ile itoe chochote cha kusikiliza.

Juma lile walipishana kama wapangaji. Siku ya Ijumaa Mbogo aliingia kwenye kibanda cha kucha, akakuta mteja mmoja ameloweka vidole kwenye maji ya uvuguvugu. Aliweka bonneti mpya kaunta, katikati ya chupa za rangi, akatoka.

"Hicho ni nini?" mteja aliuliza.

"Ni bonneti," Nelius alisema, akaendelea kukata kucha.

Jumapili aliikwangua bluu kwa ncha ya sindano, bila dawa. Ilitoka vizuri kuliko alivyotarajia. Hakusema hivyo, lakini aliigeuza upande wa Mbogo ili aione.

Walipeleka Pijo Githongo ikiwa ndani ya boksi la viatu, imezungushiwa pamba za kliniki. Mama Karambu alikuwa barazani akipukuchua maharagwe. Alifuta mikono kwenye leso, akavaa miwani, akalipokea gari mapajani kama mtu anayepokea mtoto wake mwenyewe kutoka kwa mgeni. Aliangalia nyuma. Aliangalia ule ubao wa mlango wa zamani. Aliligeuza, akachungulia kitambaa cha bluu kwenye usukani, na hapo akakaa kitambo.

Kisha akafika upande wake.

"Kwa nini mlango wangu uko wazi?"

"Ulikuwa hivyo, Mama," Nelius alisema. "Hata kamba tumeiweka. Iangalie."

"Najua ulikuwa hivyo. Nilishika hiyo kamba hadi Meru na kurudi, nikiwa na mimba yako, nikiwa na mimba ya ndugu zako. Nikimwambia atengeneze, anasema msimu ukiisha. Ni kahawa ya mwaka gani iliyowahi kuisha?" Alikuwa akisema taratibu, kama anayesoma bei za sokoni. "Baba Carol, huu mlango unaweza kufunga?"

"Unaweza, Mama."

"Basi ufunge."

Nelius alifungua kinywa kusema kwamba haitakuwa ile ya kweli. Mbogo alimtazama, naye akakifunga.

Mbogo huwa hasafiri bila mkoba wa vifaa. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, akaikata kamba, akasugua ukingo wa mlango, akapinda kipande cha waya wa kushikilia meno kikawa komeo. Nelius alishika mlango kwa koleo. Walifanya kazi vichwa vikikaribia kugusana, wakiambiana "hapo" na "kidogo" na "acha". Mama Karambu aliendelea na maharagwe yake na hakuwaharakisha.

Mlango ulipofunga ulitoa mlio mdogo sana. Mama Karambu akaomba gari. Aliufungua kwa ukucha wa kidole cha shahada, akaufunga. Akaufungua tena, akaufunga. Alirudia mara nyingi, na uso wake haukubadilika, isipokuwa baadaye aliivua miwani akaifuta ingawa haikuwa na kitu.

"Mzee angesema mmeharibu," alisema.

"Ndiyo, Mama," Mbogo alijibu.

"Mwacheni aseme."

Aliingia nalo ndani, akaliweka juu ya kabati la televisheni, na kuwaambia wote wawili waoshe mikono, mukimo wa viazi na mahindi uko tayari.

Kabla hawajamaliza kula, alikuja Bundi, jirani wa upande wa mtoni, aliyekuwa amesikia kwamba Pijo ya Gikunda imerudi. Aliitazama kwa umakini wa mtu anayenunua ng'ombe, bila kuigusa. Aliuliza kama wanaweza kumtengenezea trekta yake.

"Hatutengenezi trekta," Nelius alisema.

"Kwa nini hatutengenezi?" Mbogo aliuliza.

"Magurudumu ya trekta yana meno."

"Mimi kazi yangu ni gani?"

Waliaga jioni, wakabishana Nkubu, wakabishana Chogoria, Nelius akishikilia kwamba trekta haina milango wala kiti cha abiria na kwa hivyo si kitu cha watu wazima kupotezea muda. Walipofika Chuka walikuwa wamekubaliana rangi ya trekta tu.