Mrija Ubavuni mwa Mama

Mwanzoni walidhani ni gesi. Tumbo la Mama lilijaa, sketi zake zikagoma kufunga kiunoni, na kila alipokula matonge machache alisukuma sahani pembeni akisema ameshiba.

"Nimepata mimba ya uzeeni," alimwambia mwanawe, "na marehemu baba yako hayupo wa kusingiziwa."

Mwanawe alicheka, akamnunulia dawa ya gesi, akaenda zake kazini.

Mwana huyo alikuwa fundi wa friji, na mtaani walimwita Baridi. Jina lilimganda kwa sababu ya kazi, lakini tabia yake nayo ilichangia: mtu mpole, mzito wa maneno, asiyejua kukaa na watu akapiga soga. Aliwahi kuoa, ndoa ikavunjika bila mtoto, akarudi kuishi kwa Mama katika nyumba ndogo ya vyumba viwili. Mama ndiye aliyekuwa na maneno ya wote wawili. Kwa miaka mingi alikuwa mtangazaji wa kituo cha treni, yule anayesema kwenye vipaza sauti treni ipi inaingia na ipi imechelewa. Hata baada ya kustaafu aliongea nyumbani kama mtu anayetaka kusikika mpaka behewa la mwisho.

Dawa ya gesi haikufua dafu. Wakazunguka vipimo, na mwishowe daktari akawaketisha na kuwaambia ni saratani ya ovari, na kwamba imekwisha kusambaa tumboni. Baridi aliuliza ovari ni nini. Daktari akamweleza kuwa ni vile vifuko vinavyotoa mayai ya uzazi, naye Baridi akainamisha macho kwenye viatu vyake.

"Usione haya," Mama alisema. "Ndiko ulikotoka."

Walirudi nyumbani, wakafika mlangoni. Hapo Mama akamshika mkono mwanawe. "Dada yako asijue. Mwambie uvimbe, basi. Ndiyo kwanza amepata kazi, vibali vyake havijakaa sawa. Akitoka kule leo, hawatampokea tena."

Dada mtu aliishi nchi ya mbali, akiwatunza wazee wa watu katika nyumba ya kulelea wazee. Alipiga simu kila Jumapili. Siku hizo Mama alijifunga kitambaa kichwani, kwa sababu dawa za saratani za dripu zilikuwa zimemaliza nywele, akajipaka mafuta usoni, akaketi kwenye mwanga mzuri wa dirishani. Alimwuliza bintiye habari za baridi ya huko, akamtania kuhusu unene wake, akaaga kwa vicheko. Simu ikishakatika alijilaza pale pale kitini, na Baridi akamvua kitambaa.

Baridi hakuwa na wa kumwambia. Marafiki zake walikuwa mafundi wenzake, wanaume wa kutaniana kuhusu mpira, na hakujua mtu anaanzaje kuutaja mbele yao ugonjwa wa mama yake wa mahali pale. Kazi yake ilimwingiza katika majiko ya watu mtaa baada ya mtaa. Alipiga magoti nyuma ya friji zao, wenye nyumba wakamletea maji ya kunywa na kumwuliza, "Mama hajambo?" Naye akajibu, "Hajambo," kwa kuwa ndivyo salamu inavyojibiwa, akashika bisibisi yake.

Kisha pumzi ya Mama ikaanza kukatika. Kwanza ilikuwa akitoka uani kuingia ndani. Baadaye hata kulala chali kulimshinda, akawa analala ameketi, mito imepangwa mgongoni. Yeye aliyekuwa akisema sentensi ndefu kama treni ya mizigo, sasa alitoa maneno mawili, akapumzika, akatoa mengine mawili. Picha ya kifua ikaonyesha maji yamejaa kati ya mbavu na pafu la kulia, pafu lenyewe limebanwa juu kama kitambaa kilichokunjwa.

Walipomtoa maji mara ya kwanza, alikalishwa ukingoni mwa kitanda, ameinama mbele, daktari yuko nyuma yake na sindano. Nesi alimwambia Baridi asimame mbele ili mgonjwa apate pa kuegemea. Mama akaegemeza paji la uso kifuani kwake. Baridi alimshika mabega, akashangaa jinsi yalivyobaki mifupa mitupu, na juu ya kichwa chake kisicho na nywele akaona maji ya rangi ya chai ya rangi yakishuka kwenye mrija. Mama alikohoa sana. Kisha akavuta pumzi ndefu, ya kwanza baada ya majuma mengi, akasema, "Kumbe hewa ni tamu hivi."

Lakini maji yalirudi. Yakatolewa, yakarudi tena. Daktari akashauri mrija wa kudumu ubavuni, utakaokuwa unaunganishwa na chupa nyumbani, maji yanatolewa bila kuja hospitalini kila mara.

"Nyumbani kuna nani wa kufundishwa?" nesi aliuliza, akimtazama Baridi juu juu. "Hakuna binti? Mkwe?"

"Nipo mimi," alisema Baridi.

Mama akageukia dirisha. "Afadhali nitafute mwanamke jirani," alisema. "Mwanangu huyu ni mwanamume. Atanifunua vipi?"

Nesi alikuwa mama wa makamo mwenye haraka ya kazi, ila hapo aliketi. "Jirani huyo yupo?"

Mama alifikiri. Hakuwepo. Waliokuwepo, hakutaka wajue.

Basi Baridi akafundishwa. Kunawa mikono, kuvaa glavu, kusafisha kichwa cha mrija, kuunganisha chupa ambayo ndani yake hamna hewa ili ivute yenyewe, kuachia taratibu, na kusimamisha uvutaji mgonjwa akiumia. Mirija na shinikizo ndivyo vitu alivyovishika maisha yake yote, mikono ikaelewa upesi. Mama alimwona anavyokazia macho, akasema, "Usije ukanijaza gesi."

Siku ya kwanza nyumbani, asubuhi, Mama alijifunika shuka mpaka shingoni, akaacha tundu dogo tu la ubavu, akaukabili ukuta. Baridi alifanya kazi yake. Chupa ilianza kuvuta. Kimya kilikuwa kizito kiasi kwamba Baridi, yule asiye na maneno, alijikuta amefungua mdomo.

"Jana nilikwenda kwa yule mzee wa duka la miwani," alisema. "Friji haigandishi, analalamika. Nafungua, nakuta amepanga mashati humo. Yamepigwa pasi, yamekunjwa. Anasema akilivaa la baridi asubuhi, hatoki jasho mpaka mchana."

Kutoka ukutani kukaja sauti ndogo. Mama alikuwa anacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na maji yakakimbia mrijani. "Mashati," alisema. "Na soksi?"

"Soksi zilikuwa kwenye sehemu ya mayai."

Tangu siku hiyo ndivyo walivyofanya. Chupa ikivuta, Baridi anasimulia, na Mama, ambaye pumzi zake zilitosha swali moja tu kwa wakati, anauliza. Baridi akaanza kuyatazama majiko ya watu kwa jicho jipya, akitafuta cha kumpelekea. Mama naye polepole akaacha kuukabili ukuta.

Jumapili moja simu ilipigwa, Mama akaketi dirishani na kitambaa chake. Dada akamwuliza kitu, naye akaanza kujibu. Neno la tatu halikutoka. Akajaribu tena, mdomo wazi, mkono kifuani. Kisha akamnyooshea Baridi simu bila kumtazama.

Baridi alitoka nayo uani, akasimama karibu na kamba ya nguo, akamwambia dada yake yote.

"Mimi kazi yangu ni kulea wazee wa watu," Dada alisema. "Nawalisha, nawaogesha. Na wewe ukaona mama yangu nisiambiwe."

"Alinikataza, Dada."

"Kwani wewe ni mtoto?"

Baridi alishika kamba ya nguo. Alihisi kifua chake kimepungua uzito, na akaona aibu kwa hilo.

Dada akaja. Kazi na vibali akaviacha vijiamulie vyenyewe. Mama alimpokea kwa machozi na masuto, akamshika shavu, akataka alale naye chumba kimoja. Nyumba ikajaa sauti ya mwanamke mwenye kujua kazi: shuka zikabadilishwa, uji ukawa laini, Mama akaogeshwa vizuri kuliko alivyowahi kuogeshwa na mwanawe. Siku ya chupa ilipofika, Dada alimwambia, "Pumzika mdogo wangu, hili ni langu sasa," akafunga mlango.

Baridi aliketi sebuleni na mikono yake mapajani. Alikuwa ameiogopa kazi ile, na sasa alipoondolewa kwayo alijiona kama mtu aliyesimamishwa nje ya nyumba yake. Alikuwa na habari ya mama mmoja anayefungia simu ya mumewe kwenye friji. Alikaa nayo.

Mlango ukafunguliwa. Dada alisimama pale na glavu zake, chupa mkononi bado haijaunganishwa.

"Wa watu nawafanyia bila shida," alisema. "Nikimgusa yeye naona giza. Siwezi."

Kutoka kitandani Mama akasema, kwa vipande, "Mwite Baridi. Ana... maneno."

Akaingia. Dada akakaa miguuni mwa kitanda akiushika unyayo wa Mama, Baridi akaunganisha chupa, akaanza kusimulia ya simu ya mume. Mama alicheka kwa macho tu. Dada alimtazama mdogo wake kana kwamba ametambulishwa kwake leo.

"Sikujua unaongea," alisema baadaye, wakiwa jikoni.

"Hata mimi," alijibu.

Kumbe kazini walikuwa wamempa likizo fupi na vibali vilisimama; likizo ilipoisha, Dada akarudi kule, akalia uwanja wa ndege mbele za watu. Mama aliishi mpaka mwisho wa mvua. Dawa za saratani zilikuwa zimesimamishwa kwa kukubaliana wote na daktari, zikabaki za maumivu na za kutuliza pumzi. Alifariki mchana, Baridi akiwa ameketi naye, redio ya jirani ikisikika kwa mbali. Hakusema neno la kukumbukwa. Alivuta pumzi, akangoja, akavuta nyingine, na iliyofuata haikuja. Baridi aliendelea kuingoja kwa muda mrefu kabla ya kunyanyuka.

Watu walikuja kuzika, wakala, wakaondoka. Baridi akarudi kazini. Jikoni kwa watu sasa walimpa pole, naye hakujua afanye nini na pole zile, akawa anashukuru na kuinamia mashine.

Dada alianza kupiga simu kila jioni. Maneno hayakuwa mengi. Mara moja alimwomba amsimulie kituko cha friji, Baridi akaanza, akafika katikati, akanyamaza, naye Dada hakumwomba tena. Badala yake alikuwa anaiegemeza simu ukutani jikoni kwake, anaendelea kukata vitunguu na kupanga sahani, na Baridi anakula chakula chake huku, anasikiliza. Siku nyingine hawakuagana. Dada alipitiwa na usingizi kitini baada ya zamu, na Baridi akabaki na simu mezani, akisikia anavyopumua, akichelewa kuikata.