Gitaa la Daktari wa Meno

Wiki ile pacha walipohamia chuoni, mama yao alitangaza mezani kwamba anataka kujifunza gitaa. Mumewe, fundi rangi, akaweka kijiko chini.

"Gitaa lipi?"

"La kupiga. Kwani kuna lingine?"

"Mama Pacha, wewe ni msusi."

"Najua kazi yangu, Baba Pacha. Ninachouliza ni nani atanisindikiza dukani."

Wazo lilikuwa limemkaa kichwani muda mrefu. Kuna mteja aliwahi kuja saluni na gitaa mgongoni, akaliegemeza kando ya kioo, na wakati nywele zake zinakauka Mama Pacha akapitisha kidole kwenye uzi ule mnene kuliko yote. Mngurumo wake ulimwingia mpaka mbavuni. Akasahau hata kwamba alikuwa anatafuta kitana. Tangu siku hiyo, akikaa bure kidogo tu, vidole vinacheza juu ya meza. Pacha walipokuwa nyumbani hakuthubutu kusema. Wangemcheka hadi walie.

Jumamosi wakaenda dukani. Fundi rangi ndiye aliyekuwa na msimamo: jipya, basi. "Kitu cha mtu kina mambo yake," alisema njiani. "Hujui kilianguka wapi, hujui kwa nini anakiuza. Jipya unajua umeanza nalo wewe."

Magitaa yalikuwa yametundikwa ukutani yaking'aa kama sakafu iliyopigwa dawa. Fundi rangi alisogea karibu, akainamisha kichwa ili aone mwanga unavyotelezea. "Angalia rangi hii," alinong'ona. "Hakuna hata tone lililochuruzika."

Muuzaji, dada mmoja mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alimteremshia Mama Pacha moja, akamwonyesha pa kubana. Nyuzi zilikaa juu sana kutoka kwenye shingo ya gitaa. Ilibidi abane kwa nguvu zote, na kilichotoka ni sauti ya mlango wa kabati. Akajaribu la pili. Hali ile ile. Ncha za vidole zikaanza kuwaka.

"Labda tuanze na piki kwanza," dada alisema kwa upole, akavuta droo iliyojaa vipande vidogo vya plastiki, vyenye umbo la tone la maji na rangi za kila namna. "Hizi ndizo za kugongea nyuzi. Nyembamba inapinda, haikulazimishi. Nene haipindi, inatoa sauti nzito, lakini ukikosea kila mtu anajua."

Mama Pacha alijaribu nyembamba, ikatoa mchakacho mwepesi kama karatasi inayopepea. Akajaribu ya kati, akatikisa kichwa. Akajaribu nene, ikang'ang'ania uzi, ikamponyoka na kuingia ndani ya tundu la gitaa. Wote watatu wakaligeuza gitaa kichwa chini na kulitikisa hadi piki ikaanguka juu ya kiatu cha fundi rangi.

Walitoka na piki nyembamba kwenye kimfuko. Gitaa hawakununua.

"Hongera," mumewe alisema barabarani. "Umenunua usukani. Bado gari."

Gari lilipatikana kwenye ubao wa matangazo wa duka la dawa. Karatasi iliandikwa kwa mwandiko wa kukatika-katika: *Gitaa linauzwa. Limetumika sana. Wenye haraka wasije.*

"Huyu ni muuzaji au ni mlinzi?" fundi rangi aliuliza. Lakini wakaenda.

Mwenye gitaa alikuwa mzee mrefu, daktari wa meno aliyestaafu, anayeishi peke yake ghorofa ya juu katika jengo lisilo na lifti. Mama Pacha alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anamwangalia mdomoni, kwa mazoea. Hakuwaletea gitaa mara moja. Aliwakalisha, akaanza maswali kama mtu anayeozesha binti.

"Umewahi kupiga?"

"Hapana, Daktari."

"Vizuri. Waliowahi wamekuja hapa, wanalipiga kwa fujo. Utalipiga saa ngapi?"

"Jioni nikifunga saluni."

"Litakaa wapi?"

"Sebuleni. Mbali na jua."

"Na wewe?" Daktari alimgeukia fundi rangi. "Wewe utafanya nini?"

"Mimi nitavumilia," alijibu fundi rangi.

Mzee akacheka, akaenda chumbani. Gitaa alilorudi nalo lilikuwa limechubuka kila mahali, na chini ya tundu rangi ilikuwa imekwisha kabisa, mti ukabaki uchi pale mkono ulipokuwa ukipita miaka yote. Fundi rangi alilipokea, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akalinusa, akapitisha dole gumba pale shingo inapoungana na tumbo.

"Hapa pamewahi kuvunjika."

"Pamevunjika, ndiyo. Marehemu mke wangu alilikalia. Tulikuwa tumegombana, na mpaka anafariki alisema hakuliona." Daktari aliinama kuangalia pale palipoungwa. "Fundi aliliunga vizuri. Sikufichi kitu."

Mama Pacha aliliweka pajani. Lilikaa kama limepimwa. Nyuzi zilikuwa karibu na shingo. Alibana kidogo tu, akagonga kwa piki yake nyembamba, na sauti ikatoka yenyewe, ya joto, ikazunguka chumba. Fundi rangi alimwangalia mkewe usoni, akaingiza mkono mfukoni bila kujadili bei.

"Daktari, mbona unaliuza?" Mama Pacha aliuliza mlangoni.

Mzee alinyanyua mkono wa kulia. Viungo vya vidole vilikuwa vimevimba kama tangawizi. "Piki inanianguka. Ukiweza kung'oa jino halafu ukashindwa kushika plastiki, unaona haya."

Basi, angekuwa muuzaji wa kawaida, hadithi ingeishia hapo. Lakini Jumanne iliyofuata daktari alitokea saluni, kapiga pasi shati, kashika kofia mkononi.

"Nimepita kulijulia hali," alisema.

"Liko nyumbani, Daktari."

"Aa." Akasimama pale pale. "Basi nitapita utakapokuwa nalo."

Nani angeweza kumjibu vingine? Mama Pacha akaanza kuja na gitaa kazini. Daktari akawa anafika alasiri, anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mashine za kukaushia nywele, na kazi ikipungua anamfundisha kwa mdomo. "Kidole cha shahada hapo. Si hapo, hapo. Legeza bega, hupigani na mtu." Wateja walimzoea. Wengine walianza kumwonyesha magego yao bure, na yeye akawaambia ukweli bila kuwahurumia.

Siku moja alitaka kumwonyesha namna ya kupitisha mkono. Akachukua gitaa, akachukua piki. Ilimponyoka kabla haijagusa uzi. Akaiokota. Ikamponyoka tena. Akamrudishia gitaa, akasema joto limezidi humu ndani, akaondoka bila kofia.

Mama Pacha alimaliza kichwa kilichokuwa mbele yake, akafunga saluni mapema, akaenda hadi dukani kwa dada mwenye miwani.

"Nataka piki ya mtu ambaye vidole havimtii."

Dada hakucheka. Aliifunga droo ya rangi-rangi, akafungua nyingine ya chini, akatoa piki ya pembetatu, kubwa kuliko zote, nene, yenye vinundu-vinundu pande zote mbili. "Hii huna haja ya kuibana. Unailaza tu kati ya vidole, inashika yenyewe."

Kesho yake Mama Pacha aliiweka juu ya kofia ya daktari na kumkabidhi vyote pamoja. Mzee aliigeuza-geuza. Akavaa kofia. Akaketi, akalaza gitaa pajani, akapiga.

Alipiga polepole, wimbo usio na maneno. Pale mkono ulipokwama alisubiri, kisha akaendelea. Mteja aliyekuwa ameshasukwa nusu kichwa aligeuka na kiti chake. Mwingine alizima mashine ili asikie. Daktari alipomaliza alifuta pua kwa leso, akasema tena kwamba joto limezidi, lakini safari hii hakuondoka. Alipiga mpaka jioni.

Asubuhi iliyofuata alikuwa mlangoni kabla saluni haijafunguliwa.

"Mama," alisema, "naomba unirudishie gitaa langu."

Mama Pacha alidhani anataka kulipiga.

"Hapana. Nirudishiwe. Nitakupa ulichonipa na juu yake. Niliuza kwa sababu siwezi. Sasa naweza."

Mama Pacha alihisi kama ameamka na kukuta mtu anamvua blanketi. Gitaa lilikuwa limeshazoea paja lake. Vidole vyake vilikuwa vimeota sugu pale panapotakiwa. Juzi tu alikuwa amebadilisha mkao wa vidole bila kuangalia. "Daktari, hapana," alisema. "Nisamehe. Hapana."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akashuka ngazi za baraza.

Nyumbani fundi rangi aliwaka. "Kilichouzwa kimeuzwa! Kesho atadai na piki?"

"Piki nilimpa mimi."

"Ndiyo nasema. Umejitafutia mwenyewe."

"Sasa ulitaka nimwache hivyo?"

Fundi rangi akakwangua rangi iliyokauka kwenye kucha yake. "Hapana," alikubali. "Hapo hapana."

Jumamosi walipanda ngazi zote hadi ghorofa ya juu. Daktari alifungua mlango akiwa na soksi mguu mmoja. Mama Pacha hakukubali kukaa.

"Vaa viatu, Daktari. Tunakwenda kukununulia gitaa jipya."

"Jipya!" Aliitamka kama jina la ugonjwa. "Gitaa jipya ni kabati lenye nyuzi. Mti wenyewe haujajua kama umekatwa."

"Na wewe kalifundishe."

Dukani aliwatesa. Hili lina sauti ya ndoo. Hili shingo nene kama mguu wa meza. Hili linang'aa mno, ataonekana mganga wa kienyeji. Dada mwenye miwani aliteremsha, akatundika, akateremsha. Mwisho akampa moja jepesi, la rangi ya asali. Daktari alilibana, akakunja uso. "Nyuzi ziko juu."

"Lete." Dada alichukua bisibisi na kifaa kidogo cha kupigia msasa, akashughulika nalo nyuma ya kaunta, akalirudisha. Daktari akabana tena. Uso ukakunjuka.

Mama Pacha alishika kiuno. "Kumbe nyuzi zinashushwa? Mbona siku ile hukunishushia?"

"Mlipolipia piki nilikuwa nageuka kuchukua bisibisi, dada yangu. Nageuka hivi, umeshatoka na mumeo."

Fundi rangi alijifanya anaangalia dari. Daktari hakuwasikia. Alikuwa ameinama juu ya lile gitaa la asali na piki yake ya pembetatu, anapiga kitu cha furaha ambacho hawakuwahi kumsikia akipiga, na mguu wake unagonga sakafu. Alipoinua macho alikohoa kidogo.

"Lina makelele," alisema. "Lakini litatulia."

Siku hizi wanakutana sebuleni kwa Mama Pacha Jumatatu, siku ambayo saluni haifunguliwi. Mama Pacha anaongoza nyimbo rahisi, daktari anazipamba, na wakipotezana mmoja anasimama kumsubiri mwenzake. Jumatatu iliyopita daktari aliingia kimya, akaketi, asifungue mfuko wa gitaa. Walipomuuliza mara ya pili ndipo akalitoa na kuwaonyesha. Lilikuwa limegonga kitasa cha mlango wake, na ubavuni lilikuwa na mchubuko, si mkubwa kuliko kucha.

"Halina hata mwezi," alisema kwa huzuni kubwa.

Fundi rangi alilichukua, akalipeleka dirishani kwenye mwanga. "Rangi hii naweza kuichanganya. Nikimaliza, mwenyewe hutajua palikuwa wapi."

Daktari alifikiri. Alipapasa mchubuko kwa kidole kilichovimba, akaurudia tena.

"Acha, ndiyo kwanza linaanza kunizoea," alisema. "Mama, tuanze na ule wimbo wa wiki iliyopita. Na leo usikimbie kwenye kiitikio."