Majinamizi ya Hotelini kwa Hiza

Jumanne asubuhi Mwanaisha alikuwa anakata ndimu hotelini kwa Hiza, mtaa wa Chanika, Handeni, picha ya ukutani ilipotapika. Ilitapika sana. Matapishi yalishuka ukutani kwa rangi nne, kijani, nyekundu, bluu na njano chafu, yakamwagika kwenye benchi. Wateja wawili wakainuka na bakuli zao, wakahamia meza nyingine.

Picha hiyo Hiza aliinunua Korogwe, gesti moja ilipofungwa na vitu vyake vikapigwa mnada. Dalali alieleza kwamba ilichorwa kwenye bamba la shaba, bamba likaliwa na tindikali, kisha likapakwa wino wa rangi na kupigwa chapa kwenye karatasi. Ilionyesha mtu amelala chali na majinamizi saba yamemkalia. Moja lilikuwa na midomo miwili. Jingine lilitembea na matumbo yake nje. La tatu lilikuwa na pua ya nguruwe, mpaka Hiza, ambaye kwa maneno yake mwenyewe ni Mwislamu safi, alipoirekebisha kwa kalamu nyeusi ikawa pua ya ng'ombe. Akaitundika kuziba ufa wa ukuta.

Tangu wiki ya kwanza majinamizi yalikuwa yakitoa ndimi na kulamba bakuli za meza ya ukutani. Wateja walinuna siku mbili tatu, wakazoea. Mwanaisha, aliyekuwa mpishi na mwosha vyombo, alishukuru, maana bakuli zilimrudia nyeupe. Kwa miaka miwili hayakuwahi kuchagua: utumbo, kongoro, hata mafuta yaliyoganda. Kwa hiyo alipoyaona yanatapika supu aliyoipika kwa mikono yake, aliweka kisu chini. Baba yake, mzee Sadala, mwadhini wa msikiti wa jirani, alikuwa ametoka hapo sasa hivi na bakuli nzima tumboni.

Saa nne akaingia Leboo, mfugaji wa Kwaluguru anayemuuzia Hiza ng'ombe wa bucha. Akautazama ukuta, akavuta kiti mbali kidogo, akaagiza chai.

"Yule ng'ombe wako wa juzi alichinjwa na nani?" Mwanaisha akamuuliza.

"Hakuchinjwa. Alikufa Jumamosi, akavimba. Nilimwambia Hiza huyu ni wa mbwa. Akasema yeye ana mbwa wengi."

Leboo alikunywa chai yake bila haraka. Hakuwa na cha kuficha, na hakuwa ameficha.

Mwanaisha alivua aproni akaenda buchani, mlango wa pili. Paja moja lilining'inia, limeota ukijani karibu na mfupa, na inzi walikuwa wamejaa juu ya mhuri wa zambarau wa mkaguzi. Paja la pili lilikuwa limeshaondoka na basi la asubuhi kwenda Korogwe.

"Bosi, umetulisha kibudu."

"Mhuri huo hapo," Hiza alisema. "Huuoni?"

"Picha imetapika."

"Imetapika picha. Mtu gani katapika?" Akafukuza inzi kwa kitambaa. "Funika kombe mwanaharamu apite, Mwanaisha. Na spika ya msikiti anakoadhini baba yako, kanunua nani?"

Mchana akamletea ndoo mpya ya bluu. "Hii ya picha," akasema. "Usichanganye na ya vyombo."

Jumatano Mwanaisha alimsubiri baba yake mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, supu ya hapa usinywe tena. Ni kibudu."

Mzee Sadala alipita, akaketi mahali pake palepale, meza ya ukutani.

"Ulimwona huyo ng'ombe akifa?"

"Leboo kasema."

"Nakuuliza wewe. Ulimwona?"

"Sikumwona."

"Basi hujui. Na mimi sijui. Niletee na pilipili."

Akamletea. Akanywa mpaka chini, akafyonza na mfupa. Jinamizi la midomo miwili likanyoosha ndimi zake, likalamba bakuli, likatapika kwa midomo yote miwili juu ya kanzu yake. Mzee akainua mikono kama mtoto anayevuliwa shati, akangoja kupanguswa. Mwanaisha akampangusa. Matapishi alikuwa ameshayazoea. Kilichomtia kinyaa, mpaka akageuza uso, ni mafuta ya supu yaliyong'aa kwenye ndevu za baba yake.

Supu iliisha mapema siku hiyo, na mtu mmoja akalalamika kwamba nyama ilikuwa chache.

Adhuhuri sauti ya mzee Sadala ilitoka kwenye spika, safi, tamu kama zamani, ikaenea Chanika nzima. Majinamizi yalifunga midomo na kutulia kwa adabu mpaka adhana ikaisha. Kisha yakaendelea, na Mwanaisha akasogeza ndoo.