Swali la Saba na la Nane

Katika kijiji kizima cha Kafr Dabbus hapakuwa na mtu aliyeijua hisabati kumshinda Ibtihal binti Abduljawad, isipokuwa Ustadhi Wahdan, na Ustadhi Wahdan mwenyewe alikuwa amestaafu, tena kiharusi kimemlegeza mkono wa kulia, hawezi hata kushika chaki. Alikuwa akimtamkia maswali, na Ibtihal anaandika. Akikosea, mzee hugonga meza kwa mkono mzima. Asipokosea, mzee hukaa kimya, akatamka swali jingine gumu zaidi. Kwa miaka miwili binti yule alimaliza madaftari kumi na manne kwa njia hiyo, na kusifiwa alisifiwa mara moja tu, siku mzee alipougua homa.

Nyumbani alikuwa akifanyia mazoezi darini, kando ya banda la njiwa, baada ya alasiri jua likishapungua makali. Na hakuwa peke yake. Mjomba wake, Haji Sadiq mwenye tanuru la matofali, alikuwa amemkabidhi mwanawe, Mahrus, kwa maneno haya: "Mfundishe binamu yako. Walimu wa mjini wamemshindwa."

Mahrus hakuwa mjinga. Alikuwa mvivu wa kuamini. Akifika katikati ya swali, anaanza kuona kwamba jibu lake haliwezi kuwa sahihi kwa kuwa ni lake, basi anafuta yote.

"Haya, kichwa maji, soma swali."

"Lisome wewe. Mimi likiniona linanicheka."

"Mahrus, usinichoshe. Mfuniko wa tangi ni wa duara, maji yanaingia kwa kasi hii, kina kinapanda kwa kasi gani? Umeshaandika nini?"

"Nimeandika jina langu."

"Basi umepata nusu alama."

Walikuwa wakicheka hivyo, njiwa nao wanalia bandani, na mama yake Ibtihal, Bi Faukiya, anawapandishia chai na mahindi ya kuchoma. Lakini miezi ilivyosonga, Mahrus akaanza kufika mwisho wa maswali bila kufuta. Siku za Alhamisi walifanya takwimu, na kila Alhamisi Mahrus alilalamika.

"Takwimu hazijumlishwi kwenye alama za chuo. Ni kufaulu tu basi. Tunajitesea nini?"

"Mimi sijitesi," Ibtihal alijibu. "Kwenye hisabati tupu, lazima uwe na uhakika. Kwenye takwimu unaruhusiwa kusema: sina uhakika, lakini sina uhakika kiasi hiki hasa. Huoni utamu wake?"

"Naona njaa tu."

Alitaka kusomea uhandisi katika chuo cha mkoa. Hakulisema sana jambo hilo, lakini nyumba nzima ililijua, kama nyumba inavyojua kuna mgonjwa chumbani. Baba yake, Abduljawad, aliyekuwa dereva wa lori la matofali la Haji Sadiq, hata redio aliizima binti alipokuwa akisoma.

Siku mbili kabla ya mtihani wa hisabati, Haji Sadiq alikuja nyumbani kwao. Alikaa kwenye kochi, akakoroga chai yake muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Ibtihal, mwanangu, wewe utamaliza mapema. Hilo tunalijua sote."

"Inshallah, mjomba."

"Wakikuomba karatasi yako ya majibu kidogo, toa. Itazungushwa, itarudi. Nimeshaongea na wanaohusika. Chumba cha wavulana kiko jirani tu."

Ibtihal akamtazama mama yake. Bi Faukiya akatazama mkeka.

"Mjomba, huo si wizi?"

"Wizi? Umemwibia nani? Ukiwasha taa jirani akaona njia, mafuta yako yamepungua?" Haji alitabasamu kweli, si kwa ubaya; alimpenda binti wa dada yake. "Kila kijiji kinafanya. Tukiacha sisi, watoto wetu ndio watabaki kufyatua matofali, na wa vijiji vingine watakuja kutujengea madaraja. Ndivyo unavyotaka?"

Alipoondoka, Abduljawad alikaa akiushika ufunguo wa lori mkononi.

"Baba, sema kitu."

"Niseme nini? Mwenye nguvu mpishe, mwanangu. Karatasi itarudi."

Ibtihal alikwenda kwa Ustadhi Wahdan, akamweleza. Mzee alisikiliza amefumba macho, akagonga meza mara moja.

"Andika polepole," alisema. "Wanaopora hupora shamba lililoiva. Chelewa kuiva."

Lakini hilo hakujua kulifanya. Siku ya mtihani, joto la Juni likiwa limejaa chumbani hadi kalamu inateleza vidoleni, alifungua kijitabu cha maswali na kuona maswali thelathini, na karibu yote aliyajua kama anavyojua ngazi za kwao gizani. Mkono ukaenda. Alisoma, alikokotoa pembeni, akajaza kiduara kwenye karatasi ya majibu, akasonga. Ilipopita saa nzima kasoro dakika tano alikuwa amejaza ishirini na moja.

Hapo msimamizi akaja kusimama kando ya dawati lake. Alikuwa mwalimu kijana aliyeletwa kutoka kijiji cha mbali, shati limemgandama mgongoni, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka kulia au asiyelala.

"Binti," alinong'ona, "nipe hiyo karatasi."

"Sijamaliza, Ustadhi."

"Endelea kwenye kijitabu. Utakuja kujaza." Akainama zaidi. "Nakuomba. Nje ya lango kuna watu wameniuliza gari langu ni lipi."

Wasichana wengine waliinamisha vichwa. Ibtihal aliiachia karatasi, nayo ikatoka mlangoni chini ya trei ya glasi za maji, mkononi mwa mfagizi wa shule.

Aliendelea. Hilo ndilo alilojivunia baadaye kwa majuma kadhaa: kwamba aliendelea. Alitatua tisa yaliyobaki kwenye kijitabu, akakaa anatazama mlango. Karatasi ilirudi zimebaki dakika saba, imekunjika pembe, ina alama ya kidole chenye jasho. Alijaza viduara tisa mbiombio, upande wa chini. Upande wa juu hakuutazama. Kengele ikalia.

Nje, Mahrus alimsubiri karibu na mwuza barafu, uso umemwiva.

"Vipi?" Ibtihal aliuliza.

"Vizuri. Nadhani vizuri." Akataka kusema kitu, akakiacha. "Binamu, ahsante."

"Usinishukuru kwa hilo."

Siku ya takwimu hakuna aliyekuja kuomba karatasi ya mtu. Zilikuwa hazijumlishwi; nani azihangaikie? Ibtihal alifanya mtihani ule kwa raha, akapitia kila swali mara mbili, akatoka nje anafuatilia kivuli cha ukuta, hana haraka.

Matokeo yalitoka Agosti. Alama mia tatu sitini na nane na nusu, kati ya mia nne na kumi. Takwimu, kamili. Hisabati, hamsini na sita kati ya sitini. Majirani walipiga vigelegele, Bi Faukiya akagawa sharbati. Kisha viwango vya vyuo vikatangazwa, na uhandisi katika chuo cha mkoa mwaka ule ulifungwa kwenye mia tatu sabini na mbili.

"Alama nne?" baba yake aliuliza. "Tatu na nusu? Ni kitu gani hicho, alama tatu na nusu?"

"Maswali mawili, baba."

"Uliyakosa?"

"Sijui ni yapi. Sikukosa."

Hakusema kwa majivuno. Alikuwa ameshayafanya upya yote thelathini kwa kumbukumbu, mara tatu, na mara zote tatu alipata thelathini. Basi akaandika malalamiko, akapangiwa siku, na baba yake akampeleka mjini kwa lori, matofali yakiwa nyuma, kwa sababu Haji hakutoa ruhusa ya safari tupu.

Katika ofisi ya mitihani walimkalisha mbele ya kompyuta. Mama mmoja wa makamo, mwenye kilemba cha kijivu na sauti ya upole, alimfungulia picha ya karatasi yake. Ibtihal alishuka na kidole mstari kwa mstari. Kwenye swali la saba kulikuwa na viduara viwili vilivyojazwa. Chake, na kingine. Kwenye la nane vilevile.

"Hapa," alisema. "Hivi viwili. Mtu akijaza viwili, mashine inasemaje?"

"Inahesabu kosa, mpenzi wangu."

"Lakini hiki si changu. Tazama. Mimi najaza kutoka katikati, naishia ukingoni. Huyu amechora mduara kwanza halafu akaujaza ndani. Huu si mkono wangu."

Yule mama alisogeza miwani, akatazama kwa muda, na Ibtihal akajua kwamba ameona.

"Mashine haijui mkono wa nani," mama yule alisema taratibu. "Sasa nisikilize kama mwanangu. Naweza kuandika hapa kwamba kuna mkono wa pili. Wataniuliza, mkono wa pili umefikaje kwenye karatasi ya mtahiniwa? Utajibu nini?"

Ibtihal alikiondoa kidole kwenye kioo.

"Karatasi ilitoka mkononi mwako?"

"Ilichukuliwa."

"Ilitoka mkononi mwako. Ukisema hivyo, mtihani wako unafutwa wote, na wa chumba kizima, na wa chumba cha jirani. Na yule msimamizi anafungwa. Unataka niandike?"

Dirishani alimwona baba yake chini, ameegemea lori, anapangusa shingo kwa kitambaa. Alifikiria wasichana kumi na tisa wa chumba chake, na wanne kati yao walikuwa hawajaomba wala kupewa kitu cha mtu. Alijaribu kutafuta njia ya tatu, kama alivyozoea: kila swali lina njia ya tatu ukilitazama vya kutosha. Alilitazama. Halikuwa nayo.

"Niweke sahihi wapi?" aliuliza.

Garini baba yake hakuuliza mpaka walipovuka daraja.

"Imekuwaje?"

"Mashine ilikuwa sawa."

Abduljawad aliitikia kwa kichwa, akaongeza mwendo. Pengine alijua. Hawakulizungumza tena.

Mahrus alipata mia tatu thelathini. Hazikutosha chuo cha serikali, lakini baba yake alimwandikisha uhandisi katika taasisi ya binafsi, kule wasikouliza sana. Ibtihal alipangiwa biashara. Wiki nne baada ya masomo kuanza, Mahrus alipanda darini na kitabu kipya mkononi, amekonda kidogo.

"Wananiua, binamu. Wiki ya kwanza tu wameingia kwenye maeneo chini ya mikunjo ya grafu, sielewi. Nisaidie."

"Keti."

Hakuketi. Alisimama kando ya banda, akapitisha kidole kwenye wavu.

"Mama yako alimwambia mama yangu kuhusu maswali mawili. Kwamba yalijazwa mara mbili."

"Mama hajui kitu. Alinisikia tu nikilia na kusema peke yangu."

"La saba na la nane?"

Ibtihal alimgeukia polepole. Namba zile alikuwa hajamtajia mtu.

"Karatasi ilipofika kwangu," Mahrus alisema, "wenzangu walikuwa wameshanakili. Mimi nikanakili sita. Halafu nikaona haya. Nikasema, Ibtihal amekaa na mimi mwaka mzima, angalau mawili nifanye mwenyewe. Nikayafanya. Wallahi niliyafanya mpaka mwisho, sikufuta. Karatasi mbili zilikuwa mezani, moja juu ya nyingine, na jamaa nyuma ananisukuma, 'Fanya haraka, fanya haraka.' Nikajaza bila kutazama ni karatasi ipi. Nilipofika la tisa ndipo nikaona jina la juu ni lako." Akaushika wavu. "Nilijaribu kufuta kwa kidole. Ilikuwa wino."

Njiwa mmoja alitua ukutani, akatazama, akaruka. Chini mtaani mtu alikuwa anauza mafuta ya taa, anagonga pipa.

Ibtihal alitaka hasira ije. Aliisubiri kweli. Angekuwa amemkuta mwizi, angejua la kufanya naye. Huyu alikuwa amefanya, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kile alichokuwa akimsihi afanye.

"Ungeniambia siku ileile," alisema mwisho. "Pale kwa mwuza barafu."

"Ungefanya nini?"

Alifikiri. "Hakuna," alijibu, kwa kuwa ndio ukweli.

"Nimwambie baba? Nikamwambie akakulipie na wewe kule kwenye taasisi?"

"Mahrus, kaa chini."

Alikaa. Alifunua kitabu ukurasa uliokunjwa, akamsogezea. Ibtihal alilisoma swali. Lilikuwa swali dogo, la mistari mitatu. Zamani angeliona jibu lake kabla hajamaliza kusoma. Alilisoma tena. Akachukua kalamu, akalitatua, hatua kwa hatua, kwa mwandiko safi, huku anamweleza, na Mahrus anaitikia "ehe, ehe." Lilikuwa sahihi. Lakini ile raha iliyokuwa ikimpanda kifuani kila jibu likikaa mahali pake haikuja, na alipotatua la pili na la tatu nayo haikuja.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Basi la nne fanya mwenyewe."

Akamwachia kalamu, akashuka kumsaidia mama yake kuchambua mchele. Kesho yake alikuwa na kipindi cha uhasibu saa mbili asubuhi, na kutoka Kafr Dabbus gari la mjini huondoka saa kumi na mbili na robo.