Sanamaki ya Alhamisi

Shemsa alipanda ngazi za nyumba yangu ya Mkunazini bila kushika ukuta, kikapu mkononi, na hilo tu lilitosha kunichoma roho. Mimi ngazi zile nilizipanda kwa kupumzika.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri."

"Marahaba," nikaitika, nimelala.

Alikuwa mke mwenzangu, amekuja na gari la shamba kutoka Chukwani. Mwaka ule wa hamsini na nne ulikuwa wa pili tangu mwili uniishe nguvu. Nilikuwa nikiamka nimechoka kama niliyetwanga mpunga usiku kucha, viungo vinaniuma, tumbo limejaa upepo. Zamu yangu ikifika, Mcha, mume wetu, anakuta jiko baridi. Mke asiyeweza kumpikia mumewe siku ya zamu yake humwachia mwenzake mume mzima, na mimi niliona wazi wangu anavyokwenda.

Dawa yangu ilikuwa moja. Kila Alhamisi nilichemsha majani ya sanamaki, nikanywa, nikaharisha mpaka magoti yakalegea. Mama alitulea hivyo: tumbo ni nyumba ya maradhi, basi lifagiliwe. Jirani yangu, Bi Tabia, alikuwa na maelezo mengine. "Kikulacho ki nguoni mwako," aliniambia, akielekeza kidevu upande wa Chukwani. Nami nilipenda kumsadiki.

Shemsa akaiona birika ya sanamaki jikoni.

"Tena leo? Ijumaa ile nlikuletea chakula, hukuweza hata kukaa. Jumatano ulikuwa unacheka. Unaziharisha nguvu zako, bibi."

"Unataka nibaki na uchafu tumboni?"

"Nataka ubaki na chakula."

Akaenda kuimwaga chooni. Hasira zilinipanda, lakini nguvu za kugombana naye nitazitoa wapi? Akanipikia uji mwepesi wa mchele, akanipa na mtindi. Akaonja yeye kwanza, kwa kijiko changu, maana alijua ninachofikiri.

Aliendelea kuja. Uji, mtindi, papai, samaki wa kuchemsha. Tumbo lilitulia kwanza, kisha usingizi ukawa usingizi, kisha viungo vikalegea. Havikuacha kuuma moja kwa moja, hata leo havijaacha, lakini nilisimama jikoni. Wivu haukupungua. Nilimwonea wivu mikono yake, sauti yake, hata alivyokaa kitako mkekani akinisimulia mambo ya watu mpaka nikatokwa na machozi kwa kucheka. Akiondoka, nyumba ilipooza.

Siku niliyopika mwenyewe, wali wa nazi na mchuzi wa changu, Mcha alikula akaramba vidole.

"Kesho zamu ya Chukwani," akasema.

"Mwambie Shemsa aje."

"Aje kufanya nini? Nawe ushapona."

Nikamtazama anavyonawa, ametulia, ana haki yake ya kwenda kule kesho na keshokutwa bila kumuomba mtu. Wivu ukanirudia. Mara hii nilimwonea Mcha mwenyewe.